Jinsi ya kuijaribu modeli ya nishati giza au uvutano uliorekebishwa kwa laptopu yako, hatua kwa hatua

Modeli za nishati giza, yaani kile kinachoongeza kasi ya mpanuko wa ulimwengu, zimejaa. Ukisema uzisome moja moja utazeeka hujamaliza: kuna quintessence, f(R), DGP, Galileon, Horndeski, na kila moja ina watoto na wajukuu. Mi nikikutana na modeli mpya naiuliza maswali mawili kwanza, inaupanuaje ulimwengu, na inaikuzaje miundo, yaani galaksi na makundi yake. Ikishindwa hapo sihangaiki na kurasa zake zingine 40. Na maswali yenyewe unayajibu kwa Python tu, laptopu ya kawaida inatosha, kama yako imechoka fungua Google Colab, numpy na scipy ziko tayari mule ndani na hutamaliza bando kudownload vitu.

Hatua ya 1: jenga Lambda kwanza

Hata kama unaichukia Lambda (nishati giza rahisi kuliko zote, ile ambayo msongamano wake haubadiliki), anza nayo, manake kila kitu tutakipima kwa kukilinganisha na yenyewe. Andika funksheni hii:

E²(z) = Ωm(1+z)³ + ΩΛ

E ni H, yaani kasi ya mpanuko, ugawe kwa H0 ambayo ni ya leo. Ωm na ΩΛ ni sehemu za maada na za Lambda kwenye nishati yote ya leo, na z ni redishifti, yaani jinsi nuru ilivyonyooshwa na mpanuko, z kubwa ni zamani zaidi. Weka namba za setilaiti ya Planck za 2018: H0 = 67.4, Ωm = 0.315, ΩΛ = 0.685. Mnururisho uache kwanza, kwa z ndogo hauna madhara.

Sasa kagua kama umeandika sawa. Piga integrali ya dz/[(1+z)E] kutoka 0 mpaka infiniti kwa quad ya scipy, alafu zidisha kwa 1/H0 ambayo ni miaka bilioni 14.5. Lazima upate bilioni 13.8. Ukipata kitu kingine usiendelee, rudi kaangalie yuniti, mara nyingi ni kilomita na Megaparseki zimegombana. Alafu jaribu kitu kimoja cha kufurahisha, weka Ωm = 1 na Lambda sifuri, umri unashuka mpaka bilioni 9.7 hivi, yaani ulimwengu unakuwa mdogo kuliko nyota zake wenyewe. Huo utata ulikuwepo hata kabla ya 1998, ndo zikaja timu mbili za supanova, moja ya Saul Perlmutter na nyingine ya Brian Schmidt na Adam Riess, zikakuta supanova za mbali zimefifia kuliko ilivyotegemewa, na 2011 wote watatu wakachukua Nobel.

Ukiwa hapo hapo tafuta z ambayo mpanuko ulianza kuongeza kasi, inatokea pale Ωm(1+z)³ = 2ΩΛ, jibu ni 0.63. Na Lambda imeipita maada kwa msongamano kwenye z ya 0.30, ambayo kikosmolojia ni jana tu.

Hatua ya 2: ilegeze Lambda kwa w0 na wa

Lambda ina w = −1 daima, w ikiwa ni presha ugawe kwa msongamano wa nishati. Njia ya haraka ya kuilegeza ni ile ya Chevallier na Polarski (2001) na Linder (2003), watu wanaiita CPL: w(a) = w0 + wa(1−a), a ikiwa ni ukubwa wa ulimwengu ukilinganisha na leo, yaani 1/(1+z). Kwenye E² badala ya ΩΛ peke yake unaizidisha na

(1+z)^[3(1+w0+wa)] × exp[−3 wa z/(1+z)]

Ukiweka w0 = −1 na wa = 0 lazima irudi Lambda ile ile, kagua.

Sasa weka w0 = −0.84 na wa = −0.6, hizo ziko karibu na zinazotoka ukichanganya DESI (kipima galaksi, tutakifikia hatua ya 3), CMB (mnururisho uliobaki wa ulimwengu mchanga) na seti ya supanova inayoitwa Pantheon+. Chora msongamano wa nishati giza dhidi ya z na uangalie vizuri, manake hapa ndo kuna utamu. Ukitoka zamani kuja leo msongamano unapanda, unafika kilele kwenye z ya 0.36, karibu miaka bilioni 4 iliyopita, ukiwa juu ya wa leo kwa asilimia 7 hivi, alafu unaanza kushuka. Kile kilele ndo mahali w inakatiza −1. Kabla ya hapo w iko chini ya −1, eneo linaloitwa fantomu, na nishati ambayo msongamano wake unaongezeka wakati nafasi inatanuka ni kitu ambacho mwanafizikia yeyote lazima akikunjie uso.

Lakini CPL sio modeli, hili watu wanalisahau sana. Ni kipimajoto: kinakwambia mgonjwa ana homa, hakikwambii ni malaria au ni nini. Mtu akikuambia "modeli yangu ni w0wa" muulize fildi iko wapi, yaani kitu halisi cha fizikia kinachoifanya w ibadilike.

Hatua ya 3: gusa data

DESI ni kifaa chenye nyuzi 5000 kwenye teleskopu ya Mayall ya mita 4 pale Kitt Peak, Arizona. Kinapima umbali kwa kutumia alama ya mawimbi ya sauti ya ulimwengu mchanga, ambayo urefu wake ni rd ≈ 147 Megaparseki. Hesabu DV = [z DM² DH]^(1/3), ambapo DH = c/H na DM ni integrali ya c dz/H. Kwa z = 0.295 Lambda ya Planck inakupa DV/rd ya 8.05 hivi. DESI kwenye matokeo ya Machi 2025 wamepima 7.942 ± 0.075. Tofauti ni sigma moja na nusu (sigma ni kipimo cha kosa, lile ± la hapo), yaani yenyewe peke yake sio kitu kabisa, mtu asikutishe.

Inshu ni ukizijumlisha zote. Galaksi na kwasa (viini vya galaksi vinavyong'aa sana) za DESI zaidi ya milioni 14, ongeza CMB, ongeza supanova, hapo w0wa inapendwa kuliko Lambda kwa sigma 2.8 mpaka 4.2 kutegemea umechukua seti gani ya supanova. Na mimi hicho kipande cha "kutegemea" ndo kinanizuia kushangilia, kama jibu linacheza hivo kwa kubadilisha seti ya supanova basi kwanza nataka kujua supanova zenyewe zimekalibrishwaje hasa zile za karibu. Sigma 5, kiwango cha kutangaza ugunduzi, bado. Na usitegemee hii itatatua ugomvi wa H0, ile 73 ya kundi la SH0ES, wanaopima kwa nyota na supanova za karibu, dhidi ya 67.4 ya Planck, w0wa ya namna hii haipandishi H0, ikizidi inaishusha kidogo.

Hatua ya 4: weka fildi ya kweli

Quintessence ni fildi ya skala (yenye namba moja φ kila mahali) inayoteremka taratibu kwenye potenshio yake. Chukua ile rahisi, V = V0 e^(−λφ), na usiitatue moja kwa moja, tumia vigezo x na y: x² ni sehemu ya nishati ya mwendo, y² ni sehemu ya potenshio. Ukitumia N = ln a kama saa yako unapata

x' = −3x + √(3/2) λ y² + (3/2) x (1 + x² − y²)
y' = −√(3/2) λ x y + (3/2) y (1 + x² − y²)

Anza a = 0.01 na x = 0 na y ya 0.0015 hivi, wape solve_ivp, alafu chezea ile y ya mwanzo mpaka leo x² + y² ifike karibu 0.7. Nishati giza ina w = (x² − y²)/(x² + y²). Kwa λ = 1 utaona w inakaa −1 muda mrefu kabisa, fildi imegandishwa na msuguano wa mpanuko, alafu inaanza kuyeyuka na leo inafika kama −0.85. Ukipandisha λ inapanda zaidi, ukiweka λ sifuri umerudi kwa Lambda.

Angalia sasa: −0.85 iko karibu sana na w0 ya data, ila hii fildi haiwezi kuvuka −1 hata ufanyeje, juu ni x² − y², chini ni x² + y², na x² haiwi hasi. Kwa hiyo quintessence imekufa? Hapana, taratibu. CPL ni mstari mnyoofu na data nyingi ziko kwenye z ndogo, fildi inayoyeyuka ghafla karibu na leo ukiilazimisha kwenye mstari mnyoofu inaweza kukupa mstari unaopita chini ya −1 zamani, mahali ambapo fildi yenyewe haijawahi kufika. Ndo maana fiti fildi yenyewe kwa data, usifiti CPL alafu ukatafsiri.

Na kama kuvuka ni kwa kweli, basi njia mojawapo ya kuvuka bila kuvunja nadharia ni fildi iliyoshikana na uvutano wenyewe. Hapo tumeshaingia nyumba ya pili, ya uvutano uliorekebishwa.

Hatua ya 5: ukuaji

Hapa ndo modeli zinatenganishwa, manake mpanuko ule ule unaweza kuupata kwa nishati giza au kwa uvutano uliorekebishwa, ukiangalia H(z) tu hutajua. δ, yaani kiasi ambacho msongamano wa maada mahali fulani umezidi wastani, inafuata

δ'' + (2 + E'/E) δ' − (3/2) μ Ωm(a) δ = 0

alama ya ' ni kwa ln a tena. μ ni nguvu ya uvutano ukilinganisha na Newton, kwa Einstein μ = 1. Anza a = 0.01 na δ = 0.01, δ' = 0.01. Kwa Lambda leo lazima upate δ ya 0.79 hivi, ingekuwa 1 kama nishati giza isingekuwepo. Pia kasi ya ukuaji f = δ'/δ inatoka 0.53, na fomula ya mkato Ωm^0.55 inakupa hiyo hiyo. Zidisha na σ8 ya Planck (kipimo cha jinsi maada ya leo ilivyojikusanya), 0.811, unapata fσ8 = 0.43, namba ambayo wapima galaksi wanaiongelea kila siku.

Hatua ya 6: badilisha μ

Jaribu DGP tawi la kawaida, wazo la Dvali, Gabadadze na Porrati la 2000 kwamba uvutano unavujia kwenye mwelekeo wa tano. Acha mpanuko uwe wa Lambda, alafu

μ = 1 + 1/(3β), β = 1 + 2 H rc (1 + E'/(3E))

rc ni umbali ambao uvutano unaanza kuvuja. Kwa H0 rc = 1 leo μ inatoka 1.12, uvutano umezidi kwa asilimia 12, na ukirudi zamani inashuka kuelekea 1. Tatua tena ukuaji na ulinganishe, δ imepanda kwa asilimia kadhaa wakati H(z) haijabadilika hata chembe. Tawi lile lingine, linaloongeza kasi lenyewe bila Lambda, ndo lilikuwa tamu zaidi, bahati mbaya lina mizimu, yaani fildi yenye nishati ya mwendo hasi, likazikwa.

f(R), inayobadilisha mkunjo R kwenye nadharia ya Einstein kuwa funksheni yake, ni ngumu kidogo kwa sababu μ inategemea pia ukubwa wa muundo, mwisho wake ni 4/3. Ile ya Hu na Sawicki ya 2007 ndo ya kuanzia.

Hatua ya 7: vichujio

Mfumo wetu wa jua hautaki mchezo. Mwaka 2003 chombo cha Cassini kilionyesha kuwa Einstein yuko sawa hapa kwetu kwa kiwango cha sehemu chache kwa laki moja. Kwa hiyo fildi yako lazima ijifiche penye maada nyingi. Justin Khoury na Amanda Weltman walileta kinyonga 2004 (Weltman ni wa Cape Town), fildi inayojificha kufuatana na msongamano wa mahali ilipo, ndo mbinu ya f(R), na DGP inatumia mbinu nyingine ya kujificha, ya Vainshtein ya 1972. Ila kujificha kuna gharama: f(R) ikijificha vya kutosha, |fR0| (ukubwa wa badiliko lake leo) kama 10⁻⁶, mpanuko wake hautofautiki na Lambda kabisa, basi haijaeleza kuongezeka kwa kasi, imeirithi tu.

Kichujio cha pili ni tarehe 17 Agosti 2017. Mawimbi ya uvutano kutoka nyota mbili za nyutroni, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi, yalitangulia miali ya gama kwa sekunde 1.7 tu. Safari yote hiyo! Kasi ya uvutano na ya nuru zikawa sawa kwa kiwango cha 10⁻¹⁵, na vipande vikubwa vya nadharia ya Horndeski ya 1974 (familia pana ya fildi ya skala iliyoshikana na uvutano), Galileon za daraja la nne na la tano zikiwemo, vikafutwa kwa siku moja labda urekebishe koefishenti kwa mkono. Ukikutana na modeli ya kabla ya tarehe hiyo angalia hili kabla ya kitu chochote.

Hatua ya 8: toka kwenye toi

Modeli ikipita kote huko ndo inastahili muda wa kompyuta. Kwa w0wa na quintessence tumia programu za CLASS au CAMB, kwa Horndeski kuna hi_class na EFTCAMB, kwa μ ya kujitungia MGCAMB, na kufiti tumia Cobaya. Endesha kwanza na parameta za Lambda, ulinganishe H(z) na δ na zile ulizoandika mwenyewe hapo juu, zikikubaliana ndani ya asilimia moja au mbili (mnururisho na nyutrino ndo zinaleta hiyo tofauti), washa parameta mpya moja moja, sio zote kwa mpigo. EFTCAMB na hi_class zinakataa zenyewe modeli zenye mizimu, ukiona mnyororo wako (msururu wa parameta ambazo Cobaya inazijaribu) umekataa karibu kila nukta usizime huo ukaguzi ili upate grafu.