Jinsi ya Kukusanya na Kuandika Maneno ya Kisomali ili Yasipotee

Kabla hujamwendea mzee yeyote na daftari lako, zizoee kwanza herufi za Kilatini ambazo serikali ya Somalia ilizifanya kuwa rasmi mwezi Oktoba 1972, kwa kuwa ndizo zitakazomwezesha msomaji wa Garissa, Mogadishu au Jigjiga nchini Ethiopia kuelewa ulichoandika. Anza na majina unayoyajua: Ali huandikwa Cali, kwa sababu c inawakilisha sauti ya herufi ayn ya Kiarabu, na Muhammad huandikwa Maxamed, kwa sababu x ni h nzito ya kooni. Herufi dh huwatatiza zaidi wasemaji wa Kiswahili, kwani si ile ya dhahabu, bali ni d inayotamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi nyuma.

Irabu ndefu iandike mara mbili bila kuchoka. Dad ni watu na daad ni mafuriko, na orodha isiyotenganisha mawili hayo haimfai mtu. Kupanda na kushuka kwa sauti, hata hivyo, hakuonyeshwi na herufi hizi: inan ni mvulana au msichana kutegemea silabi inayopandishwa. Kwa hiyo, kando ya kila nomino andika pia umbo lake lenye kiambishi cha kubainisha, yaani inanka kwa mvulana na inanta kwa msichana, kisha nukuu sentensi nzima kama mzee alivyoitamka. Akisema gaadhi badala ya gaari, yaani gari, usimsahihishe, kwani hiyo ni lahaja yake. Andika alivyosema, na utaje mahali alikokulia.

Maneno ya mkopo yasifutwe. Baasto (tambi) na farmashiyo (duka la dawa) yalitoka Kiitaliano, buug (kitabu) ikatoka Kiingereza, na Kiarabu kimechangia mengi kuliko lugha hizo. Yaandike kwa matamshi ya Kisomali, ambacho hakina sauti p na hivyo husema boolis kwa polisi na baasaboor kwa pasipoti, kisha utaje asili yake pale tu unapokuwa na hakika nayo. Kisomali kimejiundia pia maneno yake chenyewe, kama madaxweyne kwa rais na wargeys kwa gazeti, nayo yanastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa haitoki kwa mikopo hiyo, bali iko katika msamiati wa ufugaji, unaofifia kila kizazi kinapohamia mjini. Kijana huenda akatosheka na geel kwa ngamia wote, ilhali mzee aliyechunga atamtenga hal, ambaye ni jike, na awr, dume la kubeba mizigo, na nirig, ndama. Tumia muda wako mwingi hapa. Uliza kuhusu umri, rangi, maziwa na maradhi ya mnyama, na kwa ruhusa ya msemaji rekodi sauti, kwani maandishi peke yake hayahifadhi matamshi.

Ukionyeshwa karatasi za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, au kwa Osmanya, mwandiko wa Kisomali uliobuniwa na Osman Yusuf Kenadid mwanzoni mwa miaka ya 1920, zipige picha kabla ya kuzinakili kwa Kilatini. Hifadhi picha na nakala pamoja, kisha uirudishie familia karatasi zake pamoja na nakala ya kazi yote.