Aliyeanguka vibaya, usimwinue haraka

Pitisha kidole katikati ya mgongo wako, kuanzia shingoni kushuka chini. Vile vinundu unavyovigusa ni ncha za pingili za uti wa mgongo. Kila pingili ina tundu, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji wa mfupa. Humo ndimo mnamopita ugwe wa neva, mnene kama kidole kidogo cha mkono, unaopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Fuvu hulinda ubongo, mbavu hulinda moyo na mapafu, lakini mimi mfereji huu ndio unaonistaajabisha zaidi.

Sasa, mtu akianguka kutoka juu au akigongwa na gari, pingili inaweza kuvunjika huku neva zikiwa bado nzima. Ukimvuta mabega au kumkalisha, kipande cha mfupa kinaweza kuziumiza, apooze. Tafadhali, mwache alivyolala, mshike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, na mwingine aite msaada. Msogeze tu kama hapumui, anatapika, au kuna moto unamkaribia.