Kuhamisha ritani ya mwaka jana kwenye programu mpya ya kodi Marekani

Ukihama TurboTax kwenda H&R Block au FreeTaxUSA, jina, anwani na nambari ya Social Security kwa kawaida huhama bila taabu. Vinavyopotea ni salio la miaka ya nyuma: hasara ambayo hujaimaliza, uchakavu wa nyumba ya kupangisha (gharama yake inayokatwa kidogo kidogo kila mwaka), kodi uliyolipa nchi nyingine. Programu mpya haikuonyi, maana haijui kama vilikuwepo.

Mwenye W-2 moja (fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri) na makato ya kawaida asijisumbue kuhamisha chochote. Aandike kwa mkono, amalize.

Wewe mwenye zaidi ya hapo, anzia kwenye programu ya zamani kabla hujaifuta. Toa vitu viwili: faili lenyewe la data, na PDF ya ritani nzima pamoja na karatasi zote za hesabu. Wengi huhifadhi zile kurasa zilizokwenda IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) tu, na salio nyingi haziko humo. Faili la TurboTax ya kompyuta kwa mwaka wa kodi 2024 huishia na .tax2024. Nakili vyote viwili kwenye flashi. Usivirushe WhatsApp, vimebeba utambulisho wa familia nzima.

Sasa fungua programu mpya, isasishe kwanza, kisha hamisha faili kabla hujajaza kitu. Ritani ya 2025 hupokea faili la 2024, si la 2023. H&R Block ya kompyuta husoma faili la TurboTax; FreeTaxUSA hutaka PDF, nayo huokota mambo machache tu. PDF hiyo iwe ile iliyotolewa na programu. Ukiskani karatasi unapata picha, na mara nyingi picha haisomeki. Kama uliwahi kurekebisha ritani kwa 1040-X, hakikisha unachukua faili lililorekebishwa, la sivyo salio zitakuwa za zamani.

Kisha weka PDF pembeni, ukague mstari kwa mstari.

Hasara ya mtaji: tuseme 2024 ulipata hasara ya dola 11,000 kwenye hisa. Ulikata 3,000, zimebaki 8,000. Kwenye karatasi ya hesabu ya salio la hasara, mstari wa 8 (ya muda mfupi) huingia Schedule D (fomu ya faida na hasara za mtaji) mstari wa 6, na mstari wa 13 (ya muda mrefu) huingia mstari wa 14. Ukikuta patupu, andika mwenyewe.

IRA (akaunti ya akiba ya kustaafu) yenye pesa zilizokwisha kukatwa kodi: mstari wa 14 wa Fomu 8606 ya mwisho huenda mstari wa 2 wa fomu mpya. Fomu hii haijazwi kila mwaka, kwa hiyo huenda ukalazimika kurudi nyuma miaka kadhaa. Faili la mwaka jana peke yake halitoshi.

Nyumba ya kupangisha ndiyo yenye kazi. Kwa kila mali unahitaji tarehe ilipoanza kupangishwa, gharama bila kiwanja, njia ya uchakavu, miaka, na uchakavu uliokwisha kukatwa. Ukiwa na nyumba Nairobi au Dar es Salaam, angalia miaka kwa makini: nyumba ya kuishi iliyo nje ya Marekani na iliyoanza kupangishwa baada ya 2017 huchakaa kwa miaka 30, ya kabla ya hapo 40. Ukiiingiza upya kama nyumba ya Marekani itawekewa 27.5, utakata zaidi ya haki yako kila mwaka. Kodi ya Kenya au Tanzania iliyozidi kikomo cha Fomu 1116 (ya nafuu kwa kodi uliyolipa nchi nyingine) husogezwa mbele hadi miaka 10, na kila mwaka una safuwima yake.

Futa pia waajiri ulioachana nao. W-2 tupu huzuia ritani kutumwa. Akaunti ya benki ya kurejeshewa pesa isome tarakimu kwa tarakimu.

Ritani ikikataliwa kwa msimbo IND-031-04, mapato ghafi yaliyorekebishwa ya mwaka jana hayalingani na ya IRS. Chukua mstari wa 11 wa Fomu 1040 (fomu kuu ya ritani) ya 2024 kama ulivyoituma mara ya kwanza, hata kama baadaye uliirekebisha. Kama IRS bado hawajaishughulikia, andika 0. IP PIN (nambari ya siri ya IRS ya kulinda utambulisho wako) ya mwaka jana haifai. Chukua mpya, hubadilika kila mwaka.