Kabla ya kutoa upepo kwenye klachi: mambo ya kuzingatia pale mkono unapopita kwa shida

Kutoa upepo kwenye klachi ya mafuta ni kazi fupi. Kinachokula siku ni kuifikia nipeli, ile skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye silinda ya chini. Magari mengi yenye injini iliyokaa kwa ubavu huwa na silinda hiyo, inayosukuma klachi, juu ya gia boksi, imefunikwa na betri, boksi la hewa na msitu wa nyaya.

Kwanza jiulize upepo umeingilia wapi. Funua kidogo mpira wa vumbi wa silinda ya chini, kisha papasa juu ya pedali, mahali fimbo inapoingia kwenye silinda ya juu. Ukikuta majimaji, kuna sili imekufa, na upepo utakaoutoa leo utarudi.

Halafu fanya jaribio kavu, injini ikiwa imepoa na magurudumu yamewekewa vizuizi. Vika spana ya ringi kwenye nipeli, ndipo uchomeke mpira mwembamba unaoonyesha ndani; ukitanguliza mpira, ringi haipiti. Angalia kama spana ina nafasi ya kwenda na kurudi robo mzunguko. Kama haina, usijidanganye kwamba utabana hivyo hivyo: toa boksi la hewa, hata betri na sinia lake. Betri ianzie waya wa hasi, na mdomo wa hewa uliobaki wazi uzibe kwa kitambaa safi, maana nati inayoanguka huchagua shimo baya kuliko yote. Silinda ukiifungua ili ukae vizuri, pedali isiguswe kabisa. Pistoni itaruka nje.

Nipeli yenyewe ikague kwa tochi. Ikiwa na kutu, imwagie mafuta ya kulegezea siku moja kabla, na uishike kwa spana ya pembe sita. Ina tundu katikati, kwa hiyo hukatika upesi, na ikikatika huenda ukanunua silinda nzima. Baadhi ya magari hayana nipeli ya kufungua kwa spana: kuna klipu kwenye kiungo cha paipu, unaivuta hatua moja tu. Jua mapema lako ni lipi.

Aina ya mafuta isome kwenye kifuniko cha kopo la gari, yaani kopo linalohifadhi mafuta ya klachi. DOT ni daraja la mafuta ya breki na klachi: DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni ukoo mmoja. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nao, japo jina linakaribia kuwa lile lile. Yapo pia magari yanayotumia mafuta ya madini, na hapo kukosea kunaharibu sili zote. Nunua chupa mpya. Iliyofunguliwa zamani imeshafyonza unyevu: DOT 4 kavu huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikilowa kiwango hushuka hadi karibu 155.

Mara nyingi klachi na breki hunywa kopo moja, na tundu la klachi liko juu zaidi. Mafuta yakishuka, klachi huvuta hewa kwanza huku breki zikiwa sawa. Kwa hiyo weka chupa ya kuongezea karibu, na ndoo ya maji pia, kwa sababu mafuta haya hula rangi ya gari.

Msaidizi wako hutamuona mguu. Pataneni maneno: wewe useme "kanyaga", yeye ajibu "iko chini", ufungue, ufunge, ndipo useme "achia". Akiachia nipeli ikiwa wazi, upepo umerudi. Mwambie pia kwamba pedali inaweza kulala sakafuni, ainyanyue kwa mkono.

Sirinji kubwa nayo iwepo. Upepo ukigoma kushuka, sukuma mafuta mapya polepole kutoka kwenye nipeli kwenda juu, njia ambayo viputo vinaipenda. Ila kabla ya kusukuma, punguza yaliyomo kwenye kopo, la sivyo yatafurika.