Jinsi ya kudai benki irudishe makato ya akaunti iliyoshuka chini ya sifuri

Mteja wa Lubumbashi aliyekatwa riba na ada baada ya akaunti yake kushuka chini ya sifuri aanze kwa kuomba taarifa ya akaunti ya miezi husika, yenye muhuri, kabla ya kubishana na mtu yeyote dirishani. Katika kuisoma atenganishe riba, ambayo ni bei ya fedha alizokopeshwa, na ada, ambazo ndizo mara nyingi huleta utata. Kwa kuwa wengi wetu tuna akaunti ya faranga na nyingine ya dola, aangalie pia kama ile ya faranga iliingia kwenye deni kwa sababu benki yenyewe ilichelewa kuingiza mshahara. Hapo, kwa maoni yangu, fedha zote zirudishwe bila mjadala.

Kulalamika tu kwamba ada ni kubwa mno hakutoshi. Hata Uingereza, mwaka 2009, Mahakama ya Juu iliwapa benki ushindi katika kesi ya ada za namna hii, na madai mengi ya wateja yakakwama.

Kwa hiyo alinganishe makato na mkataba aliotia saini, kisha amwandikie meneja wa tawi barua ya Kifaransa inayotaja tarehe, kiasi na sababu, akibaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Asipojibiwa, aandikie makao makuu ya benki, na hatimaye Benki Kuu ya Kongo, ambayo ndiyo inayozisimamia benki zote nchini, akiambatanisha nakala hizo.