Jinsi ya kuacha kuhesabu masaa ya wafanyakazi wako

Mimi nina kiduka cha kuprinti Kariakoo, kadi za harusi, za michango, tisheti, mabango, tuko watano. Zamani nilikuwa na daftari la kusaini mlangoni, ukichelewa dakika kumi nakukata elfu mbili na najiona bosi kweli kweli. Kumbe nilichokuwa napata ni watu wa kukaa kwenye viti tu, saa mbili kamili wapo, wanachati, kadi ina kosa wanaiona na wanaprinti hivyo hivyo, ukiuliza unaambiwa si ndivyo mteja alivyoleta.

Ukitaka kubadilisha usianze kwa kutangaza kila mtu aje anapojisikia, utalia. Anza kwa kuandika kazi iliyoisha inakuwaje. Sio "tengeneza kadi", hapana, andika kadi 200, mteja ameona sampo na amekubali, zimekatwa, zimefungwa, Alhamisi saa kumi jioni zipo kaunta, na zikirudi kwa kosa letu anayerudia ni aliyezifanya. Lile daftari la kusaini nililigeuza nyuma, ndio tunaandikia oda. Mtu akishajua hilo ya nini kumuuliza katoka Mbagala saa ngapi, foleni si unaijua?

Dogo wetu wa dizaini sasa anafanya kazi usiku kwake. Juzi kati kakuta kadi imeandikwa Jumamosi, akafungua kalenda kwenye simu akaona tarehe ile ni Jumapili, akampigia bi harusi mwenyewe kabla ya kuprinti hata moja. Hakuna aliyemtuma, ila alijua zikirudi ni zake.

Kaunta ni habari nyingine, pale lazima awepo mtu, ila zamu waache wapangane wenyewe, wanajuana nani ana mtoto wa kupeleka shule.

Halafu hapa ndipo mabosi wengi tunafeli, tunasema jiongeze alafu mtu hawezi hata kulipa bodaboda bila kukupigia simu. Wape kiwango. Kwangu ni 20,000, wino ukiisha nunua, lete risiti, usinipigie. Wiki za kwanza mkono utakuwasha kuuliza, vumilia.

Na usiwe ujanja wa kumtumikisha mtu mchana na usiku kwa jina la matokeo. Kwa hapa Tanzania sheria ya ajira ya 2004 bado inasema masaa ya kawaida mwisho 45 kwa wiki, yakizidi ni ovataimu, lipa.

Ujue pia biashara ikiyumba utatamani kurudisha daftari. Hata wakubwa yanawakuta, Best Buy, wale wenye maduka ya vifaa vya elektroniki Marekani, makao yao makuu kule Minnesota walikuwa na mfumo wa kuangalia matokeo tu, walioubuni ni Cali Ressler na Jody Thompson, ila 2013 kampuni ikiwa kwenye kupambana isizame mfumo ukafutwa. Mimi Januari oda zilivyokauka nilikaribia kabisa, nikaishia kukaa na watu wangu tukaangalia oda moja moja imekwama wapi. Tukagundua tatizo lilikuwa mimi, nachelewa kujibu bei kwenye WhatsApp mteja anaenda duka la jirani. Sasa bei anatoa yeyote aliyepo kaunta.