Kupakia maktaba ya pamoja programu ikiwa inaendeshwa: dlopen katika Linux

Kwa kawaida programu ya Linux hupakiwa pamoja na maktaba zake zote kabla funksheni ya main haijaanza. Zipo kazi, hasa zile za programu-jalizi, ambazo hazivumilii utaratibu huo, kwa kuwa jina la maktaba hujulikana baadaye, mtumiaji anapochagua. Hapo ndipo dlopen inapohitajika.

Jambo moja liwekwe sawa mapema: dlopen si mwito wa mfumo (system call), yaani ombi la moja kwa moja kwa kerneli, kiini cha mfumo. Ni funksheni ya glibc, maktaba kuu ya C katika Linux, inayofanya kazi yake kwa kuita kerneli mara kadhaa kwa miito ya kawaida kabisa. Linux iliwahi kuwa na mwito mahususi wa kupakia maktaba uitwao uselib, lakini glibc haiutumii, na tangu toleo la 3.15 kerneli inaweza kujengwa bila mwito huo.

Hatua ya 1: Andika programu. Tutatumia libm.so.6, maktaba ya hisabati inayokuja na glibc yenyewe. Hifadhi msimbo huu katika faili la kosaini.c:

```c
#include <stdio.h>
#include <dlfcn.h>

int main(void) {
    void *m = dlopen("libm.so.6", RTLD_NOW);
    if (!m) { fprintf(stderr, "%s\n", dlerror()); return 1; }

    dlerror();
    double (*kosaini)(double) = (double (*)(double)) dlsym(m, "cos");
    char *kosa = dlerror();
    if (kosa) { fprintf(stderr, "%s\n", kosa); return 1; }

    printf("%f\n", kosaini(2.0));
    dlclose(m);
    return 0;
}
```

Mstari wa dlerror(); unaosimama peke yake usiufute. Dlsym, inayotafuta anwani ya funksheni kwa jina lake, inaweza kurudisha NULL kihalali, kwa hiyo NULL peke yake haithibitishi kosa; dlerror ndiyo inayorudisha ujumbe wa kosa la mwisho na kulifuta. Tunafuta kwanza kosa lolote la zamani, kisha tunauliza upya.

Hatua ya 2: Kompaili na uendeshe. Amri ni `gcc kosaini.c -o kosaini`. Ikiwa glibc yako ni ya kabla ya toleo la 2.34, lililotoka mwaka 2021, ongeza `-ldl` mwishoni. Ukiendesha `./kosaini` utaona -0.416147.

Hatua ya 3: Tazama kerneli inavyoitwa. Nawasihi wanaojifunza wasiiruke hatua hii, kwa sababu hapa ndipo dlopen inapoacha kuwa fumbo. Endesha strace, zana inayoorodhesha miito ya mfumo:

`strace -e trace=openat,read,mmap,mprotect ./kosaini`

Mistari ya mwanzo inahusu libc yenyewe. Teremka hadi penye libm.so.6. Openat inafungua faili, kisha read inasoma baiti za mwanzo, ambazo huanza na `\177ELF`, na kwa baiti hizo kipakiaji kinajua kwamba hili ni faili la ELF (umbizo la programu na maktaba katika Linux) na vipande vyake viko wapi. Baada ya hapo mmap inaviweka vipande hivyo katika kumbukumbu, kila kimoja na ruhusa zake: chenye msimbo hupata PROT_READ|PROT_EXEC, na chenye data hupata PROT_READ|PROT_WRITE. Mwishoni mprotect inaondoa ruhusa ya kuandika katika sehemu ambazo hazitabadilishwa tena.

Maktaba isipopatikana, orodha hiyo hiyo itakuonyesha ilitafutwa wapi. Jina lenye mkwaju (/) huchukuliwa kuwa njia kamili au ya karibu. Lisilo na mkwaju hutafutwa katika saraka za kigeu cha mazingira LD_LIBRARY_PATH, kisha RUNPATH ya programu (orodha ya saraka iliyoandikwa ndani yake), kisha /etc/ld.so.cache (kache ya mahali maktaba zilipo), na mwisho /lib na /usr/lib. Ukiweka maktaba mpya katika saraka ya mfumo, endesha `sudo ldconfig` ili kache isasishwe.

Hatua ya 4: Chagua RTLD_NOW au RTLD_LAZY. RTLD_NOW hutafuta funksheni zote zinazohitajika papo hapo, ilhali RTLD_LAZY huahirisha kutafuta funksheni hadi itakapoitwa mara ya kwanza. Niliwahi kuitumia RTLD_LAZY katika huduma iliyofanya kazi mchana kutwa, kisha ikazimika usiku na ujumbe wa "undefined symbol", kwa kuwa funksheni iliyokosekana haikuwa imeitwa hadi saa hiyo. Kwa RTLD_NOW, dlopen ingeshindwa palepale, nami nikiwa mbele ya mashine. Tangu siku hiyo RTLD_NOW ndiyo chaguo langu, isipokuwa pale muda wa kuanza unapokuwa tatizo lililopimwa.

Hatua ya 5: Funga. Glibc huhesabu mara ambazo maktaba imefunguliwa, na huiondoa kwenye kumbukumbu baada tu ya hesabu hiyo kufika sifuri na kukiwa hakuna maktaba nyingine inayoihitaji. Baada ya dlclose usiite tena `kosaini`, hata kama jaribio moja litafanikiwa, kwani anwani hiyo inaweza kuwa haina kitu.